Somo Kutoka kwa Mama: Jikoni, Kanisani na Njiani

Kila mwaka katika jarida hili sisi wanachama huandika habari za ngeli, methali na malenga wa zamani. Mwaka huu naomba ruhusa nitoe somo ambalo sikulipata katika kitabu chochote cha kiada. Nimelipata kwa mama mzazi, tena nimelipata kwa aibu.

Kisa chenyewe ni hiki. Siku ya wazazi mwaka uliopita, mzazi yeyote mwenye neno aliombwa asimame aseme. Mama alisimama. Mikono yake ilishika kiti cha mbele, akasema, “Mimi nashukuru walimu. Watoto wetu wako na bidii na hii shule iko na walimu mzuri. Mungu awabariki.” Akaketi. Nyuma yangu vicheko vikaanza. Rafiki yangu mmoja akaninong’oneza, “Iko na walimu mzuri!” Nami, mwanachama wa chama cha Kiswahili, niliyewahi kusimama jukwaani kwa mjadala, nilicheka pia. Mama akageuka akaniona.

Jioni tulipokuwa tukipanda kilima kurudi nyumbani, aliniuliza, “Nilikosea wapi, baba?” (Mama huniita hivyo kwa kuwa nimerithi jina la baba yake.) Nikamjibu kwamba hakukosea. Akasema, “Nilikosea. Nilikuona ukicheka. Nifundishe basi, ndiyo siku ingine nisikuaibishe.” Sikuwa na la kusema. Tulitembea kimya hadi mlangoni.

Muhula uliofuata mlezi wa chama alitupa kazi: kila mwanachama achague msemaji mmoja, amsikilize kwa juma zima, aandike anayoyasikia, halafu ayatafute kwenye kamusi. Wenzangu walichagua watangazaji wa redio na wahubiri. Mimi nilimchagua mama. Yafuatayo ni baadhi ya niliyoyakuta.

JIKONI

Sisi tunakaa katika nyumba ndogo iliyo nyuma ya nyumba kubwa, maana mama ndiye mpishi wa nyumba hiyo. Huamka saa kumi na nusu, akatupikia chai, akamwandaa kitinda mimba kwenda shule, ndipo aende kuwapikia wenyewe. Jumatatu, neno la kwanza kuingia daftarini mwangu lilikuwa hili: “Amka, jikoni kuko na chai.”

Tusimame hapo kidogo. Neno “jikoni” lina kiambishi -ni cha mahali, kama vile “kanisani” na “njiani”. Hata mtaa wetu, Milimani, ni “milima” pamoja na -ni hiyo. Nomino ikishapata -ni ya mahali huchukua mojawapo ya viambishi vitatu: pa- kwa mahali hasa, ku- kwa mahali kwa jumla, na m- (yaani mu-) kwa mahali pa ndani. Kwa hivyo twaandika: mezani pana vikombe, nyumbani kuna watoto, jikoni mna moto. Mama hatumii hata mojawapo. Yeye ana “kuko na” tu.

Kwa juma zima niliandika “kuko na”, “iko na” na “wako na” mara nyingi hata nikachoka kuhesabu. Lakini nilipozipanga katika orodha nikaona jambo ambalo sikulitarajia. Mama habahatishi. Huchukua kiambishi cha upatanisho, akaongeza -ko, halafu akaongeza “na”: chai iko na sukari, mtoto ako na homa, nyinyi mko na kelele. Hii ni kanuni, na mama huifuata kwa uaminifu kuliko sisi tunavyofuata zetu. Nakuru nzima huisema sokoni na kwenye matatu.

Chukua tena neno “ako”. Mtihanini tunaandika “yuko”, na ukiandika “ako” unapoteza alama. Lakini hebu tazama: anakuja, alikula, atalala. Vyote hivyo vina a- ya nafsi ya tatu umoja. Ni katika “yuko”, “yupo” na “yumo” ndipo tunaambiwa tuiache a- tuchukue yu-. Mama ameilinganisha “ako” na vitenzi vingine vyote. Sanifu ndiyo yenye neno lisilofuata wenzake.

Sisemi tuandike “ako” katika insha. La hasha! Kila mahali pana vazi lake, na mtihani una lake. Nasema tu kwamba kuna tofauti baina ya kosa na desturi ya mahali. “Walimu mzuri” lilikuwa kosa, tena la hofu. Nilipomsomea mama maneno yake jikoni, aliyarekebisha mwenyewe kabla sijafungua mdomo: “Walimu wazuri. Ile siku niliogopa watu.” “Iko na” hakuirekebisha, kwa maana kwake si kosa.

Tena tukumbuke kuwa sanifu yenyewe ilichaguliwa. Mwaka 1928 wajumbe wa nchi za Afrika Mashariki walikutana Mombasa wakaafikiana kuwa Kiunguja, lahaja ya mji wa Zanzibar, ndicho kitakachokuwa msingi wa Kiswahili cha vitabu. Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi ya kukisanifisha. Kimvita, lahaja ya mji huo huo wa Mombasa walimokutania, yenye ushairi wa tangu zamani, kiliachwa kando. Ikiwa Mvita naye aliambiwa lugha yake si sanifu, basi mama yangu ana wenzake wa heshima.

Hapa Kenya, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa ulipoanza mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985. Sisi tumelelewa na mfumo huo. Mama aliacha shule darasa la nne, karo ilipokosekana. Kiswahili chake hakikutoka darasani, bali sokoni, shambani na kwenye foleni ya maji.

Sasa niseme jambo moja la nyumbani kwetu. Baba ni Mluhya wa Vihiga. Mama ni Mkikuyu wa Njoro. Walipokutana hapa mjini Nakuru, baba hakujua Kikuyu wala mama hakujua Kiluhya. Walichumbiana kwa Kiswahili hicho hicho cha “iko na”. Hadi leo ndicho wanachogombania na ndicho wanachopatania. Bila hicho, mimi niliyekicheka nisingekuwako.

Tuendelee na jikoni. Jumanne niliketi kwenye kigoda nikaandika jina la kila kitu kilichokuwa mbele yangu, kisha nikaenda maktabani. “Meza” na “leso” zilitoka kwa Wareno. “Sahani”, “sufuria” na “sukari” ni za Kiarabu. “Karai” na “chapati” zilivuka bahari kutoka Bara Hindi. “Kabati” ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. “Jiko”, “mwiko”, “moto” na “maji” ni za Kibantu tangu asili. Na mahindi, ambayo ndiyo unga wetu wa ugali? Jina lake latutuma India, ilhali mmea wenyewe asili yake ni bara la Amerika! Mama hajawahi kufika Mombasa, lakini jikoni mwake mmejaa wasafiri.

Nikagundua la pili, nalo liliniuma zaidi. Katika insha zangu zote mtu akiwa jikoni “anapika” basi. Kwa siku moja tu mama alinituma hivi: chambua maharagwe, menya viazi, palia makaa, koroga uji, kaanga vitunguu, songa ugali, epua sufuria, pakua chakula, osha vyombo. Ni vitenzi tisa, na kila kimoja na mahali pake. Mwenye Kiswahili kichache jikoni humo alikuwa ni mimi.

KANISANI

Mama ni Mkatoliki. Jumapili hutuamsha mapema, viatu vimepigwa rangi tangu Jumamosi usiku, tukateremka kwenda misa. Usiku wa kila siku, kabla ya kulala, kila mtoto hutaja kitu kimoja cha kumshukuru Mungu. Ukisema “sina” utangojewa mpaka ukipate. Halafu mama hufunga kwa maneno yake mwenyewe, ambayo hayabadiliki: awaombee wagonjwa, awaombee walio kazini usiku, na mwisho “wenye wako njiani”. Sikuwahi kumwuliza kwa nini wasafiri. Juma hilo nilimwuliza. Akasema, “Mtu akiwa njiani hana nyumba. Ako na Mungu tu.”

Wasomaji wangu, “ako na Mungu tu” si Kiswahili cha mtihani. Lakini jaribuni kuisema kwa ufupi zaidi.

Maneno ya ibada nayo yana safari zake. “Padre” ni la Wareno, waliojenga Ngome ya Yesu kule Mombasa kuanzia mwaka 1593. “Misa” asili yake ni Kilatini. “Kanisa”, “sala”, “sadaka”, “malaika” na “Injili” yametoka Kiarabu, ndiyo maana mama akisema “nasali” na jirani yetu Mwislamu akisema “nasali” hakuna anayemhitaji mkalimani. Lakini jina lenyewe “Mungu” ni la Kibantu, halikuazimwa popote.

Je, umewahi kujiuliza kwa nini siku ya kanisa inaitwa Jumapili, yaani ya pili? Ni kwa sababu majina ya siku huhesabiwa tangu Ijumaa, siku ya Waislamu kukusanyika. Inayoifuata ni ya mosi, ndiyo Jumamosi. Halafu ya pili, ya tatu, ya nne na ya tano. Tukifika Jumatano hesabu ya Kibantu hukoma, ikaingia Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu ni siku ya tano. Kwa hivyo juma la Kiswahili lina tano mbili zinazofuatana! Nilipomweleza mama haya alicheka sana, akasema, “Kumbe kila Jumapili tunahesabiwa na kalenda ya majirani.”

NJIANI

Mara moja kwa mwaka mama hutusafirisha sote watatu hadi Subukia, kwenye kituo cha hija cha kitaifa cha Bikira Maria. Mahujaji wengi huenda Oktoba, siku ya maombi ya kitaifa, lakini mama hupenda likizo ya Agosti, watu wakiwa wachache na watoto wasipotee. Pesa za safari huwekwa katika kopo la majani ya chai tangu Krismasi. Kopo hilo haliguswi hata sukari ikiisha.

Safari hii nilikwenda na daftari. Neno “safari” ni la Kiarabu, na wageni wamelichukua kwetu hadi wakalitia katika lugha zao. “Nauli” nayo ilitoka Kiarabu, ikiwa ni malipo ya chomboni baharini. Leo analipwa makanga asiyewahi kuona jahazi. Na “matatu”? Inasemwa sana kuwa zamani nauli ilikuwa senti thelathini, yaani vipande vitatu vya senti kumi kumi, na “tatu” hiyo ikabaki jinani.

Kituoni makanga alimtazama mdogo wangu akasema, “Mathe, huyo ni mkubwa, lipia kiti.” Mama akamjibu kwa upole, “Ako na miaka sita, mwanangu. Nitampakata.” Akampakata njia yote. Tulipoongezewa abiria, akatuambia, “Mbanane kidogo, na yeye anaenda kwao.” Kupakata ni kumweka mtoto mapajani. Kubanana ni kusongana ili mwingine apate nafasi. Nimesoma Kiswahili tangu chekechea, na sijawahi kuandika hata neno moja kati ya hayo mawili.

Barabara ya Nakuru kwenda Nyahururu ni somo la majina ya mahali. Iko Maili Sita, iko Bahati, iko Maili Kumi. (Samahani, hapo nimeanza kusema kama mama! Tuseme: pana Maili Sita, pana Bahati, pana Maili Kumi.) Vibao vya siku hizi huhesabu kilomita, lakini majina yameshikilia maili za wakati wa mkoloni.

Barabara hiyo hukata Ikweta pande za Subukia. Nikamwonyesha mdogo wangu kwenye ramani, naye akauliza hiyo Ikweta inatusaidia nini. Swali lilikuwa zuri, na jibu nililipata kwa mama bila yeye kujua. Alitazama jua akasema, “Sasa ni kama saa nne.” Saa ya mkononi ilisoma kumi kasoro dakika tano. Kwetu saa huhesabiwa tangu kucha: jua likichomoza ni saa kumi na mbili, na saa moja baadaye ni saa moja. Hesabu hiyo inafaa kwetu kwa kuwa tuko karibu na Ikweta, na jua huchomoza karibu wakati ule ule Januari na Julai. Kule Ulaya, ambako wakati wa kiangazi jua huwahi na wakati wa baridi huchelewa kwa saa kadhaa, hesabu kama hiyo ingewachanganya. Kwa hiyo saa ya Kiswahili ni saa ya mahali petu. Mama huisoma mbinguni.

Huko Subukia mahujaji hupanda kilima wakisali rozari, na kilimani mna chemchemi ya maji ambayo kila mtu hutaka kuyabeba nyumbani. Mama alipanda polepole, mdogo wangu mgongoni, dada yangu ameshika sketi yake. Mimi nilibeba mtungi wa plastiki wa lita tano. Nilitaka kumwomba msamaha siku nyingi, na kila mara maneno yalinikwama. Pale chemchemini, watu wakiwa wamepungua, nikamwambia, “Mama, siku ile ya wazazi nilikosea mimi.” Hakuuliza siku gani. Alinijazia mtungi, akafunga kifuniko, akaniambia, “Shika hii maji vizuri.” Kisha akasita, akanitazama, akasema taratibu kama mtu anayejaribu kiatu kipya: “Shika... haya maji.”

Nikamjibu, “Maji haya, haya maji, yote ni sawa, mama.” Na hilo ni kweli hata kwa sarufi.

HITIMISHO

Wahenga walinena kuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Nami naongeza kuwa mtu anaweza kufunzwa na mamaye miaka mingi asijue kuwa yuko darasani. Katiba yetu ya mwaka 2010 imeweka kuwa Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Urasmi ni wa ofisi na mitihani, nasi tuufuate kwa bidii. Lakini taifa ni watu, na wengi wao husema kama mama. Mwanachama wa chama cha Kiswahili anayewacheka watu hao atabaki na kamusi, asiwe na wa kusema naye.

Siku ya wazazi itakuja tena. Mama ameniambia atasimama. Nimemwuliza kama anataka tufanye mazoezi ya “ina” na “wana”. Akasema ndiyo, lakini baada ya kuosha vyombo. Nami nimemwomba anifundishe kusonga ugali usiokuwa na madonge. Tumekubaliana.

ZOEZI

1. Andika sentensi hizi kwa Kiswahili sanifu: (a) Nyumbani kuko na wageni. (b) Mwalimu ako wapi? (c) Hii shule iko na maktaba kubwa.

2. Tumia pa-, ku- au m- ipasavyo: (a) Mezani ___na vitabu vitatu. (b) Mfukoni ___na senti kumi. (c) Milimani ___na baridi asubuhi.

3. Eleza tofauti kati ya: kuchambua na kumenya, kuepua na kupakua, kubeba na kupakata.

4. Taja vitu vitano vya jikoni kwenu, kisha utafute katika kamusi majina yake yalitoka lugha gani.

5. Msikilize mzazi au mlezi wako kwa siku moja. Andika maneno matatu aliyoyatumia ambayo wewe hujawahi kuyaandika katika insha. Usimrekebishe. Sikiliza tu.